Naombeni ushauri: mausi haisogei kwenye 486 ya marehemu baba

Mwana_wa_Mzee: Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya zamani, 486, ya marehemu baba, ina DOS na Windows 3.1. Inawaka, Windows inafunguka, ila mshale umeganda katikati ya skrini. Mausi iko COM1, ile poti ya siriali, draiva nimebadilisha mara mbili. Fundi anasema kadi ya poti imekufa. Barua za mzee zote zimo humo. Nisaidieni, silali.

Babu_wa_DOS: Pole. Mausi ya nini? Alt inafungua menyu, Alt na Tab unahama programu. Mimi nilichapa ripoti za muhula mzima kwa kibodi tu.

Nyamizi: Chomoa diski, tafuta kebo ya IDE kwenda USB, hamisha mafaili. Barua za mzazi hazikai bila nakala, huo ni uzembe jamani.

Kafe_ya_Zamani: Mwaka 1999 pale kafe tulikuwa tunakwangua uchafu wa rola ndani ya mausi kwa kucha kila asubuhi, na wateja wanaiba vimpira! Kimpira kipo?

Sauti_ya_Pini: Ngojeni. Ndani kuna modemu? Ikikaa COM3 inagombania IRQ 4, njia ya kuiita prosesa, na COM1. Na hiyo mausi ilikuja na mashine?

Mwana_wa_Mzee: Modemu haina. Mausi ni nzima, nimeijaribu ofisini.

Sauti_ya_Pini: Sijauliza uzima. Plagi yake ikoje?

Mwana_wa_Mzee: Ya duara, PS/2. Ya baba ilikatika waya. Hii nimeivalisha adapta ya matundu tisa, imeingia vizuri na muuzaji kanihakikishia. Fundi nimeshampa elfu thelathini ya kadi, anakuja Jumamosi. Kwa hiyo tatizo ni kadi.

Sauti_ya_Pini: Adapta hiyo ni nyaya tupu, haitafsiri kitu. Mausi ya siriali inakula umeme wa RTS na DTR, pini mbili za poti. Draiva ikiamsha RTS, mausi inajitambulisha kwa herufi M, kwa kasi ya 1200. Ya PS/2 haijui lugha hiyo, isipokuwa zile chache zilizotengenezwa kujua zote mbili.

Mkweli_Daima: Chai hii. Betri ya bodi ya 486 ilishakufa zamani, mashine ingesahau diski. Inawakaje?

Mwana_wa_Mzee: Imekufa kweli. Kila nikiwasha naingia setapu, najaza vipimo vya diski: silinda, hedi na sekta. Baba aliziandika kwenye karatasi, akaibandika ndani ya kava. Mwandiko wake.

Mkweli_Daima: Basi samahani ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee.

Sauti_ya_Pini: Ile ya baba umeitupa?

Mwana_wa_Mzee: Ipo kwenye droo. Panya walitafuna karibu na plagi, nyaya nne zinaning'inia. Ila hela ya kadi nimeshatoa mkuu.

Sauti_ya_Pini: Kadi isiguswe kwanza. Fundi akija, aunge rangi kwa rangi kwa risasi ya kulehemu, kila waya auzungushie tepu peke yake. Chomeka kabla ya kuwasha mashine.

Mwana_wa_Mzee: Nyeusi na kahawia zimefifia, zinafanana. Napiga picha sasa hivi.