Seva mpya kabisa, ndani CentOS 7: hii tabia ikome

Wakuu, habari za kazi.

Taasisi inatoa mamilioni kununua mashine, inafika na boksi lake, halafu fundi anachomeka flashi ya CentOS 7 (mfumo endeshi wa aina ya Linux) eti "ndiyo tuliyoizoea". CentOS 7 ilikoma kupewa masasisho tarehe 30 Juni 2024! Hata `yum install`, amri ya kusakinisha programu, inagoma kwa sababu mirrorlist.centos.org haipatikani tena. Badala ya kushtuka, mnahariri faili za `/etc/yum.repos.d` zielekee vault.centos.org, vifurushi vinashuka, kazi imekwisha. Vault ni ghala la vitu vya zamani. Tundu la usalama likigunduliwa kesho, humo hakuna atakayeliziba.

Juu yake mnapandisha databesi ya MySQL 5.7, iliyofungwa Oktoba 2023. Ukiuliza, unaambiwa mfumo wa mzabuni haukubali toleo jipya. Mara nyingi kinachogoma ni safu ya jedwali (column) iliyoitwa `rank` au `groups`, maneno ambayo MySQL 8.0 imeyafanya yake, au draiva (kiunganishi cha programu na databesi) ya kizamani isiyojua `caching_sha2_password`, njia mpya ya kuthibitisha nywila. Jina unalizungushia alama za backtick, draiva unaibadilisha. Na msikimbilie kuishia 8.0, mwisho wake ni Aprili 2026. Nendeni 8.4, ila kama mnapandisha palepale data ilipo, lazima mpitie 8.0 kwanza.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni wanaohamisha databesi nyingine, PostgreSQL, kwa kunakili folda ya data kutoka CentOS 7 kwenda Ubuntu 24.04. Toleo la PostgreSQL ni lilelile, inawaka, kila mtu anafurahi. Jamani, PostgreSQL kwa kawaida hupanga maandishi kwa kutegemea glibc (maktaba ya msingi) ya mfumo endeshi, na glibc 2.28 ilibadilisha mpangilio. CentOS 7 ina 2.17, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Pimeni wenyewe kwenye mashine zote mbili:

`(echo "1-1"; echo "11") | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Ya zamani inatanguliza 11, mpya inatanguliza 1-1. Sasa fikiria jedwali la wateja ambamo namba za NIDA nyingine zina vistari na nyingine hazina. Indeksi (orodha ya kutafutia haraka) imepangwa kwa utaratibu wa zamani, inasomwa kwa utaratibu mpya. Unatafuta mteja, unaambiwa hayupo, na yupo. Karani anamsajili upya, UNIQUE, kanuni ya kuzuia marudio, inampitisha. Hakuna kosa lolote kwenye logi.

`pg_upgrade` (zana ya kupandisha toleo) na replikesheni ya kawaida (kunakili databesi moja kwa moja kwenda seva nyingine) zina ugonjwa huohuo, maana zinabeba faili za indeksi jinsi zilivyo. Dawa ni kutoa data kwa `pg_dump` (tumia ile ya toleo jipya) kisha kuirudisha kwa `pg_restore`, indeksi zinajengwa upya. Kama mmeshanakili, zuieni watumiaji kuandika, pigeni `REINDEX DATABASE` ijenge indeksi upya. Ikikataa na "could not create unique index", ujue marudio yameshaingia na lazima yasafishwe kwa mkono. Kuanzia toleo la 15 la PostgreSQL kuna onyo la "collation version mismatch", yaani toleo la mpangilio wa maandishi halilingani. Kuna watu wanalinyamazisha kwa `ALTER DATABASE ... REFRESH COLLATION VERSION` bila kugusa indeksi! Amri hiyo inafuta onyo tu, data haijapona.

Kuchagua kwenyewe si kazi ngumu. Anza na databesi ambayo programu inaikubali, kisha tafuta mfumo endeshi utakaoishi zaidi yake. PostgreSQL 16 inahudumiwa hadi Novemba 2028, Ubuntu 24.04 inakuja nayo na yenyewe inafika 2029. Tarehe hizo ziandikwe kwenye zabuni, si "Linux, latest" kama ninavyoziona.

Mzabuni mwenye sababu ya kitaalamu ya kubaki na MySQL 5.7 aiweke hapa, pamoja na ujumbe wa kosa wenyewe, herufi kwa herufi.