Mantiki fazi: "chepechepe" niiandike kama "si kavu", au iwe na fomula yake?

Swali

Habari wakuu. Nasanifu kidhibiti cha umwagiliaji wa matone kwa mantiki fazi, yaani kila hali inapewa kiwango kati ya 0 na 1 badala ya ndiyo au hapana tu. Sensa inasoma unyevu wa udongo kwa asilimia ya ujazo, skeli 0 hadi 50. "Kavu" ina kiwango 1 mpaka 10%, halafu inashuka kwa mstari mnyoofu hadi 0 ikifika 25%. Upande wa pili nahitaji "chepechepe", ambayo itafunga vali na kupiga kengele. Nikiandika 1 − kavu, inatosha? Na sensa ziko mbili, kina cha sm 10 na sm 40: nichukue wastani?

Jibu la 1

Haitoshi, mkuu. Kukanusha ni kitu kimoja, kinyume ni kingine. Kwenye 25% kavu ni 0, basi 1 − kavu ni 1: kengele inalia kwa nguvu zote na udongo uko sawa kabisa. Hata kwenye 18%, kavu ni 0.47 na "chepechepe" yako tayari 0.53. Vali itaanza kujifunga wakati mmea unadai maji.

Kinyume unakipata kwa kugeuza skeli, usiguse kiwango: chepechepe(x) = kavu(50 − x). Hapo inaanza kupanda kwenye 25% na kufika 1 kwenye 40%. Kagua hivi: kwa kila x, chepechepe isizidi 1 − kavu. Faida yake kubwa ni kwamba jozi inakuzalia dhana ya tatu bure, "wala kavu wala chepechepe": min(1 − kavu, 1 − chepechepe), yaani kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwenye 25% inatoa 1. Hiyo ndiyo kanuni ya "acha kama ilivyo".

Jibu la 2

Naongezea: 50 − x inafaa tu kama 25% ndipo udongo wako unaposhiba bila kutuama maji. Mchanga hushiba chini sana ya hapo. Tuseme ni 10%, na kavu ishuke kutoka 1 kwenye 4% hadi 0 kwenye 10%. Geuza kwa vipande viwili: x ikiwa chini ya 10 tumia 50 − 4x, ikiwa 10 au zaidi tumia (50 − x)/4. Chepechepe itaanza 10% na kukamilika 34%.

Jibu la 1

Kuhusu wastani, usithubutu. Kwa jozi ya mwanzo, juu ikisoma 13% kavu ni 0.8, chini ikisoma 35.5% chepechepe ni 0.7. Wastani ni 24.25%, kavu 0.05, chepechepe 0. Mfumo unaripoti shwari na ukweli ni mgongano. Chukua kiwango kikubwa cha kila dhana kati ya sensa zote, kisha mgongano = min(0.8, 0.7) = 0.7. Angalia maktaba unayotumia: zile za seti za Atanassov (1986), aina ya seti fazi yenye kiwango cha kuwemo na cha kutokuwemo, zinadai jumla ya viwango hivyo viwili isizidi 1, na hapa ni 1.5. Zikilazimisha jumla irudi 1, mgongano wenyewe umeupoteza.

Muulizaji

Nimeelewa. Mgongano ukiwa 0.7, vali ifanye nini?

Jibu la 2

Namba hiyo peke yake haisemi upande gani ni mkavu, kwa hiyo hifadhi viwango vya kila kina. Juu kavu, chini chepechepe: miche yenye mizizi mifupi ipe maji kidogo kwa muda mfupi, mmea uliokomaa usubiri. Juu chepechepe, chini kavu: punguza kasi ya matone na urefushe muda, maji yapate kuzama.