Mbwa wa miezi minne anatafuna kila kitu, nifanyeje?

Mleta mada:
Wadau naombeni msaada. Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne, mchangamfu sana ila anatafuna kila anachokutana nacho, viatu, miguu ya meza, kona ya kochi, na jana nimemkuta kalalia waya wa chaja anauguguna, bahati haukuwa kwenye umeme. Nikimfokea anaacha, nikigeuka tu karudi palepale. Jirani anasema nimchape na kiatu alichokitafuna ndo atakoma, mi roho inagoma. Hii inaisha yenyewe au ndo tabia?

Mdau 1:
Usimchape mkuu. Umri huo meno ya utoto yanadondoka, yako 28 na yanayokuja ni 42, fizi zinamsumbua balaa na kutafuna ndo nafuu yake. Wengi meno yanakamilika miezi 6 au 7 hivi na kasi inapungua, ila usikae tu kusubiri maana akishazoea viatu ataendelea navyo hata ukubwani. Lowanisha kitambaa kizito, kisokote, kiweke friza kigande halafu mpe ukiwa unamwona, nyuzi zikianza kuchomoka kichukue. Na usimpe kiatu kibovu achezee, yeye atajuaje kipi kibovu na kipi unavaa kazini?

Mdau 2:
Naongezea hapo, ukimkuta na kitu usimkimbize, kwake huo ni mchezo umenoga. Mwonyeshe kipande cha nyama au toi lake, akiachia tu msifie na umpe. Ukiwa unamnyang'anya kila siku ataanza kumeza haraka haraka au kukuungurumia, na hapo ndo utapata shida kweli. Kumchapa baada ya kukuta uharibifu hakusaidii kabisa, haunganishi kipigo na kiatu cha saa iliyopita, ile kujikunyata ni kuogopa hasira zako tu. Waya zipandishe juu leo leo tafadhali.

Mdau 3:
Anaharibu hata ukiwepo au ukitoka tu? Kama anakwangua mlango, analia na kujikojolea pale tu anapobaki peke yake, hiyo ni hofu ya kuachwa, inataka kumzoesha kidogo kidogo, unatoka dakika chache unarudi, unaongeza taratibu.

Mleta mada:
Hata nikiwepo, tena jioni ndo zaidi. Asanteni sana. Mifupa vipi, nimpe?

Mdau 1:
Iliyopikwa hapana, inavunjika vipande vyenye ncha vinaweza kutoboa utumbo. Hata pembe na vitu vigumu sana vinapasua meno, bonyeza na ukucha, kisipobonyea kabisa achana nacho. Jioni mtembeze kidogo, halafu mwagia punje za chakula chake kwenye nyasi azitafute kwa pua, kazi ya kunusa inamchosha vizuri sana. Ila kuna muda anatafuna hovyo sababu kachoka tu, watoto wa mbwa wanalala hata masaa 18 kwa siku, mtafutie kona yenye utulivu. Na ukishuku kameza soksi, au ukiona anatapika na kugoma kula, usingoje kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo.