Diko letu halimo kwenye mchoro wa urasimishaji: tufanye nini kabla bikoni hazijapandwa?

Mjumbe wa Pwani

Ndugu zangu, habari za siku. Mimi ni mjumbe wa kamati ya urasimishaji, yaani kazi ya kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, katika mtaa mmoja wa pwani, kaskazini mwa Dar es Salaam. Wiki iliyopita kampuni iliyopewa kazi ya kupanga na kupima mtaa wetu ilibandika rasimu ya mchoro wa mipangomiji kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, tukaambiwa tuikague na kutoa maoni kabla haijapelekwa halmashauri. Nyumba zimechorwa vizuri, kila mtu amekiona kiwanja chake, na majirani wamekubaliana wapi barabara zipite, jambo lililotugharimu miezi ya mikutano na kusuluhishana.

Tatizo liko upande wa bahari. Mahali ambapo ngalawa hupandishwa, nyavu hushonwa na dagaa huanikwa, yaani diko letu, hapana jina lolote kwenye mchoro. Nusu ya diko imekatwa viwanja vitatu vilivyoandikwa kuwa ni vya makazi, na nusu nyingine imeachwa nyeupe. Njia ya kushukia pwani, ambayo leo guta la barafu hupita bila shida, imechorwa kuwa kichochoro cha mita moja na nusu.

Siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku nyingine, nilikwenda pwani na vijana wawili tukiwa na kamba ya nailoni tuliyoipiga fundo kila baada ya mita kumi. Tulianza kupima pale maji yalipoacha mstari wa mwani na vifuu vya nazi, na mita 60 zikatufikisha nyuma ya jiko la nyumba ya tatu. Maana yake ni kwamba viwanja viwili kati ya vile vitatu viko ndani ya mita 60 kabisa, na vilevile nyumba za wazee wawili waliojenga kabla yetu sisi kuzaliwa.

Naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii. Je, mtaa una uwezo wa kuukataa mchoro? Na diko huandikwaje kwenye mchoro ili libaki kuwa diko, hata baada ya sisi kuondoka duniani?

Mstaafu wa Mipangomiji

Ndugu Mjumbe, nimefanya kazi ya upangaji miji kwa miaka mingi katika halmashauri za mikoa mbalimbali, nami nakupongeza kwa jambo moja: umeuliza wakati mchoro bado ni karatasi. Wengi huja kuuliza wakati bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zimeshapandwa na hati zimeshatoka, na hapo mwananchi huwa amebakiwa na mahakama peke yake.

Nianze na mamlaka. Mtaa si kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji una sauti nzito, lakini katika mji mamlaka ya upangaji ni halmashauri ya manispaa au ya jiji, kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Kwa hiyo mtaa hauna uwezo wa kuufuta mchoro. Usivunjike moyo, kwa sababu urasimishaji hauendi bila wakazi kushirikishwa, na ushahidi kwamba walishirikishwa ni muhtasari wa mkutano wenu pamoja na mahudhurio yenye saini. Mchoro ukifika mezani ukiwa na muhtasari unaosema wazi kwamba wakazi wamekataa viwanja fulani kwa sababu fulani, ofisa anayeupitia atapata tabu kubwa kuupitisha kana kwamba hakuona. Maoni ya mdomo yaliyotolewa chini ya mwembe hayafiki popote.

Sasa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mahali hapo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto na bwawa. Angalia neno hilo: za kudumu. Nyumba ya matofali ni ya kudumu, na ukuta wa mawe vilevile. Ngalawa inayopandishwa jioni na kushushwa alfajiri si ya kudumu, wala chanja cha kuanikia dagaa, wala banda la makuti. Ukanda ambao mchoraji ameuona kuwa hauna matumizi ndio ambao sheria inauacha kwa kazi kama yenu, na hiyo ndiyo hoja yenu kubwa. Msikubali ibaki kuwa malalamiko ya wavuvi tu, iandikeni kwa kutaja kifungu.

Lakini msiridhike na ukanda huo kuachwa mweupe. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona maeneo ya wazi mengi yakipotea katika jiji hili kwa njia hiyo hiyo. Eneo lisilo na jina, namba wala bikoni halina wa kulitetea. Leo linaegeshwa gari, kesho linazungushiwa mabati, na mwakani utaoneshwa karatasi. Ombeni diko lichorwe kama kipande kinachojitegemea, liandikwe matumizi yake kuwa ni diko la samaki, lipimwe, lipewe namba, kisha halmashauri ilimilikishwe kwa niaba ya umma. Njia ya kushukia nayo ichorwe kuwa barabara na si kichochoro, kwa upana wa kutosha guta kugeuza na gari la zimamoto kuingia.

Kumbukeni mpangilio wa hatua: mchoro hupita kwenye kamati ya mipangomiji ya halmashauri, ambako diwani wenu ana nafasi ya kusema, kisha huidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipangomiji wa wizara ya ardhi, ndipo upimaji hufuata nao ukaidhinishwa kivyake, na hati huja mwisho. Kila hatua mnayoiacha ipite inapandisha gharama ya kusahihisha.

Muuza Dagaa

Shikamoo Mzee Mstaafu. Nimesoma maelezo yako na yamenisaidia, ila naomba kuongeza la upande wetu wanawake. Mchoro ukishasema „diko", wengi hudhani ni mahali pa ngalawa tu. Mimi nakaanga na kukausha dagaa katika diko jingine la jiji hili, na kazi yetu inadai nafasi kubwa kuliko ya vyombo, kwa sababu dagaa wa usiku mmoja mzuri wakitandazwa wanajaza uwanja mzima, na wasipopata jua asubuhi hiyo wanaoza. Tunahitaji pia bomba la maji, choo, na mahali pa kumwaga maji machafu yasirudi baharini. Ndugu Mjumbe, hesabuni chanja na majiko yaliyopo sasa, yachoreni kwa mikono yenu wenyewe kwenye karatasi, mwambatishe na muhtasari. Mchoraji hufika saa nne asubuhi wakati samaki wameshauzwa, akaona mchanga mtupu.

Na kuhusu hizo mita 60, tafadhali muwe waangalifu. Mkiinua kifungu hicho kuondoa viwanja vipya, kuna siku mtu atakiinua dhidi ya wale wazee wawili.

Mkazi wa Bondeni

Hofu ya dada hapo juu ni ya kweli, nami naisema kwa sababu niliishi karibu na Mto Msimbazi. Mpango Kabambe wa jiji wa 1979 ulishalitambua bonde lile kuwa si mahali pa kujenga nyumba. Watu wakajenga hata hivyo, wengi kwa kununua kwa mwenye shamba mbele ya mjumbe na mashahidi, na kwa miaka hakuna aliyewazuia. Wengine walilipa kodi ya majengo na kuunganishiwa umeme. Desemba 2011 mafuriko yakaua watu zaidi ya 40 katika jiji, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani na tingatinga nyuma yake. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na alama hiyo juu kidogo ya dirisha, na mama yangu alikuwa akiining'inizia kanga ili wadogo zetu wasiitazame.

Baadaye mambo yalianza kufanywa kwa namna nyingine. Mwaka 2018 wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi walikaa kwa miezi kulipangia bonde pamoja, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Sisemi kwamba kila mtu aliridhika, hasa kuhusu fidia. Ninachosema ni kwamba maneno ya wakazi yalipoingizwa mapema, mazungumzo yalikuwa juu ya nani ahamie wapi na kwa haki gani, wala si juu ya nani avunjiwe usiku gani.

Kwa hiyo, Ndugu Mjumbe, nyumba za wazee zitajeni ndani ya muhtasari. Andikeni zilijengwa lini na zinakaliwa na nani. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufukwe miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi, lakini tangazo hilo lina utaratibu wake, na wakaaji wana haki ya kusikilizwa.

Mwalimu wa Jiografia

Naomba kuongeza jambo ambalo kamba ya ndugu yetu imeligusa bila yeye kulisema: mstari wa bamvua hausimami mahali pamoja. Daladala za barabara ya Bagamoyo bado zina kituo kiitwacho Africana, jina la hoteli iliyokuwa ufukweni na ambayo bahari iliila hadi ikaachwa. Ufuo wa Kunduchi na majirani zake hulishwa mchanga na mito kama Mbezi na Tegeta. Mchanga unapochimbwa mtoni kwa ajili ya matofali, ufuo hukosa chakula chake, nayo mawimbi ya kusi yanaendelea kuchukua kama kawaida. Miamba ya matumbawe iliyovunjwa kwa baruti haivunji tena nguvu ya mawimbi, na mikoko iliyokatwa haishiki tena udongo.

Mwenye kiwanja ufukweni akiona bahari inamkaribia hujenga ukuta, na ukuta wake humpunguzia jirani mchanga, hivyo jirani naye hujenga. Serikali yenyewe ililazimika kujenga kuta mpya kando ya Barabara ya Barack Obama na huko Kigamboni, kwa gharama ambayo mtaa hauwezi kuibeba. Diko lililo wazi linaweza kurudi nyuma pamoja na bahari, kwa kuwa ngalawa husogezwa. Ukuta hausogei. Pendekezeni basi kipande cha diko kipewe kina cha kutosha kuelekea nchi kavu, kisiishie kwenye mstari wa leo, na kama pembeni kuna mikoko, hata michu michache, ioneshwe kwenye mchoro, kwani mikoko ni msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na hapo mtakuwa mmepata mtetezi wa pili.

Mjumbe wa Pwani

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimesoma majibu haya kwa sauti mbele ya kamati jana jioni. Tumekubaliana mkutano wa wakazi uitishwe Jumapili saa kumi, baada ya vyombo kurudi, na mwenyekiti wa mtaa ameridhia. Kina mama wanne wa dikoni wameshaanza kuhesabu chanja. Hadi jana walikuwa wamefikia 31. Njia ya kushukia tumeipima upya: mahali pembamba kabisa ina mita nne na nusu, na mwenye nyumba ya pembeni amesema atatoa nusu mita ya ua wake kama jirani wa upande wa pili atafanya hivyo.

Wale wazee wawili tumewatembelea. Mmoja alituonesha mnazi ambao mizizi yake sasa inaning'inia hewani juu ya mchanga, akasema aliupanda akiwa kijana, hatua nyingi kutoka majini. Tumemwomba asimame hapo Jumapili ahesabu hatua hizo mbele ya mkutano, nasi tutaziandika kwenye muhtasari.

Mzee Mstaafu, naomba jambo moja la mwisho: je, barua ya kuambatisha muhtasari tuiandike kwa Mkurugenzi wa halmashauri moja kwa moja, au ipitie kwa Mtendaji wa Kata?

Mstaafu wa Mipangomiji

Iandikeni kwa Mkurugenzi, ipitie kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata, na nakala apewe diwani na kampuni ya upimaji. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea pamoja na tarehe kwenye nakala yenu, na nakala hiyo msiiache ofisini kwa mtu yeyote.