Wakuu, roboti yangu inasahau betri ikikwepa kitu. Nihamie lugha gani?

MtotoWaNgamiani: Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, natengeneza kitoroli kinachojiendesha cha kubeba singa za mkonge kutoka kwenye mashine hadi mzani. Ubao wa saketi unaokiongoza ni Arduino Uno, programu nimeiandika kwa lugha ya C++. Juzi mtu kaegesha baiskeli njiani. Kitoroli kikakwepa, kikarudi nyuma, kikakwepa tena, mpaka betri ikazima pale pale. Kukagua betri kupo, ila kumejificha chini kabisa ya msitu wa if na else. Jamaa kaniambia nijifunze RAPID au KRL, eti ndizo lugha za roboti. Kweli?

Fundi_Saketi: RAPID ni ya roboti za ABB, KRL ni ya KUKA, ile mikono ya viwandani. Kitoroli chako utakiandikiaje kwa hizo? Baki na C++. Una delay humo, zile amri za kusubiri?

MtotoWaNgamiani: Zimo mkuu, nyingi tu.

Fundi_Saketi: Basi zitoe, tumia millis, inayokupa muda uliopita bila kusimamisha programu. Delay ikishika, programu yako imesimama, haisomi betri wala sensa.

Mama_Mizani: Mdogo wangu, funga kompyuta kwanza, chukua karatasi. Chora duara kwa kila hali: kwenda, kukwepa, kurudi kuchaji. Kisha mishale ya kutoka hali moja kwenda nyingine. Duara la kukwepa lina mshale wa betri kuisha?

Pweza_Rasi: Dada kasema kweli, ila hali zikifika kumi na tano mishale itakuwa kama nyavu zilizosokotana pale soko la samaki la Deep Sea. Ukifika huko tumia mti wa tabia, yaani matawi ya masharti na vitendo yanayoulizwa kwa mpangilio; ndio inaotumia Nav2, programu ya kuongoza roboti kwenye mfumo wa ROS 2. Mti unauandika kwenye faili la XML, C++ inabaki kwa vitendo tu. Betri unaiweka tawi la kwanza, kukwepa linafuata. Angalizo: kwenye BehaviorTree.CPP, maktaba ya C++ ya miti hiyo, tumia ReactiveFallback, inayouliza matawi upya kila mara kuanzia la kwanza. Ile Fallback ya kawaida, tawi likiwa bado linafanya kazi, hairudi kuuliza matawi yaliyotangulia, utaumia vile vile. Na Uno haitaibeba, tafuta Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo.

Fundi_Saketi: Kwa hali tatu? Mnamtwisha kijana gharama bure.

MtotoWaNgamiani: Nimechora, Mama Mizani. Duara la kukwepa lina mshale mmoja tu, wa kurudi kwenda. Na ndani yake kuna delay ya sekunde tatu! Naanza na millis usiku huu, Pi itasubiri mfuko. Mwenye baiskeli naye kaja leo, anadai spoku mbili.