Nataka kukata shuka la bibi nishonee foronya, nishaurini kabla ya Jumamosi

Waridi_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Nina shuka la melikani alilolidarizi bibi mzaa mama, Tanga, kabla mama hajaolewa. Maua pembeni, tausi wawili katikati, chini maneno "Lala Salama". Kila akija mgeni bibi humwonyesha mkia wa tausi wa kushoto, anasema ulimla Ramadhani nzima.

Sasa limechakaa. Kwenye mikunjo limekatika, kidole kinapita, na lina madoa ya kutu ya sanduku la bati. Nafikiria kulikata nipate foronya nne, kila ndugu achukue yake. Je, litahimili cherehani? Na kutu naitoaje?

FundiSubana: Dada, kitambaa kilichooza usikipitishe cherehani, sindano itakichana kama karatasi. Tafuta shuka kuukuu la pamba, lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Jipya linarudi likifuliwa na litavuta kazi yote. Liweke chini kama bitana, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kisha shikiza kwa mkono. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6 ndani, chambua 2 tu. Kutu wengi wanatumia ndimu na chumvi juani. Inatoka kweli, ila ile ni tindikali, pale palipochoka patatoboka. Acha madoa. Na kabla hujafua, lowesha pamba nyeupe, kandamiza kila rangi uone kama inachuja.

Jumamosi kuna nini?

MzeeKibao: Melikani hiyo mnaijua asili yake? Karne ya 19 meli za Salem, Marekani, zilikuwa zikishusha nguo hizo Unguja, ndipo jina lilipotoka. Ila kama ni miaka ya 70, huenda kitambaa ni cha Urafiki, kiwanda kilifunguliwa 1968. Mama yangu alikuwa na jora zima. Tulivaa kaptura za aina moja ndugu watano, mwalimu akishindwa kututofautisha anatuchapa wote.

BintiShangani: Kwetu ni kofia. Marehemu babu alikuwa na kofia ya mkono, mama aliishona miezi, jioni barazani na wenzake, kila kitundu kimezungushiwa uzi. Ilipochakaa ukingo tulibadilisha bitana ya ndani tu, tukaitia wanga, tukaianika kwenye kalibu. Kaka anaivaa Idi hadi leo. Kukata hatukuwahi kuwaza.

Kipepeo2: Nne? Tausi ni wawili. Wawili watapata tausi, wawili watapata "Lala" na "Salama". Hapo mmeshagombana 😂

Mama_Neema: Vijana mnaharibu vitu vya wazee halafu mnanunua mapambo dukani. Bibi mwenyewe anasemaje? Au ametangulia?

Waridi_Tanga: Asanteni. Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu, foronya ndiyo zawadi.

Mama_Neema: Sijajibiwa.

Waridi_Tanga: Bibi yupo. Hajui. Nililitoa sandukuni Idi iliyopita. Msinihukumu, lingeozea mle. Shuka la pili watoto wa mjomba walilifanya tambara la kufutia pikipiki, nimeliona kwa macho yangu. Na bibi sasa hivi haoni, macho yameshaisha, kwa hiyo hata likibaki zima halimsaidii kitu. Fundi wa hapa mtaani ameshakata pembe mbili za maua.

FundiSubana: AMESHAKATA?

Mdadisi: Chai hii. Posti ya kwanza bibi "humwonyesha" kila mgeni mkia wa tausi. Sasa haoni. Asiyeona anaonyeshaje? Na picha haipo.

Kipepeo2: Nilihisi. Vikombe jamani, tuletee na maandazi.

Waridi_Tanga: Si chai. Anaonyesha kwa kidole. Analigeuza shuka, anapapasa upande wa nyuma kuanzia kichwa cha tausi. Karibu na ncha ya mkia kuna fundo nene kama punje ya mtama. Hapo buluu ilimwishia usiku, akaunganisha kijani, akakataa kufumua. Kidole kikifika pale anacheka, anamwambia mgeni, "Umeona?" Tangu Idi nimekuwa nikimwambia nimelipeleka kufuliwa.

Mdadisi: Basi nisamehe dada.

BintiShangani: Miezi yote hiyo anaulizia?

Waridi_Tanga: Kila nikipiga simu.

FundiSubana: Sikiliza. Msimamishe huyo fundi sasa hivi. Pembe zikirudi, zitashikizwa juu ya bitana kingo kwa kingo, alama itaonekana lakini shuka litakuwa moja. Nilikwambia bitana shuka zima, nabadilisha: nyuma ya mkia usiweke kitambaa. Kata dirisha la kiganja hapo, kunja kingo zake ndani, lile fundo libaki wazi. Ncha za uzi zilizokatika zilaze kwa mishono midogo kutoka mbele, usivute kwa nyuma.

Mama_Neema: Bwana harusi mnunulie sufuria.

Waridi_Tanga: Nampigia fundi, hapokei.

Waridi_Tanga: Amepokea. Pembe zipo, hajaunga foronya. Nazifuata. Baada ya harusi nitakwenda Tanga, bitana nitaipiga bandi kulekule, bibi akae karibu anionyeshe dirisha likae wapi. FundiSubana, kingo za dirisha nizikunje upana gani?

FundiSubana: Nusu ya ukucha wako. Mishono ifiche, kidole chake kisikwame.