Mwanangu ana GPA mbili kwenye karatasi moja. Vyuo vya Marekani vinaangalia ipi?

MamaBaraka_FW

Habari zenu wanajukwaa. Niko Fort Worth, Texas, mwanangu wa kwanza yuko darasa la 10. Juzi kaleta karatasi ya matokeo ina GPA (wastani wa alama) mbili, moja 3.7 na nyingine 4.15. Mimi nimesoma Morogoro, ninachokijua ni Division, na kule pointi zikiwa chache ndiyo furaha. Huku naambiwa 4.0 ndiyo mwisho, sasa hiyo 4.15 imetoka wapi?

Wiki ijayo anachagua masomo ya darasa la 11. Anataka AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari: ya Kemia, ya Historia ya Marekani na ya Kiingereza. Baba yake hataki, anasema achukue masomo ya kawaida apate A tupu kwa sababu vyuo vinatafuta A. Kiingereza chake kwa sasa ni kizuri, ila tulipofika alianzia madarasa ya wageni wanaojifunza lugha. Ndoto yake ni uhandisi. Naombeni ushauri, hasa mliosomesha watoto huku.

Mwl_Hesabu

Karibu dada. Nafundisha hisabati sekondari hapahapa Texas, na wazazi wetu wananiuliza hili kila msimu wa kuchagua masomo.

Ile 3.7 ni wastani usio na uzito. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri. Unajumlisha, unagawa kwa idadi ya masomo. Haijali somo lilikuwa gumu au jepesi. Ile 4.15 ni wastani wenye uzito. Somo la AP au la IB (mtaala wa kimataifa) kwa kawaida huongezewa pointi moja nzima, kwa hiyo A yake inahesabiwa 5 na B inahesabiwa 4. Yale yanayoitwa Honors, magumu kidogo kuliko ya kawaida, shule nyingi huyaongezea nusu pointi. Nasema nyingi kwa sababu hakuna kanuni ya nchi nzima. Hapa Texas kuna wilaya za shule zenye kipimo cha 5, nyingine cha 6, nyingine zinahesabu kwa 100. Ukisikia mtoto wa rafiki yako ana 4.8, uliza kwanza shule yao inahesabuje.

Angalia mfano huu. Mtoto wa kwanza ana masomo sita ya kawaida, A zote: 4.0. Wa pili ana matatu ya AP kapata A moja na B mbili, na matatu ya kawaida kapata A. Bila uzito ana 22 gawanya kwa 6, yaani 3.67. Kwa uzito ana 25 gawanya kwa 6, yaani 4.17. Wa pili ana B mbili na bado shuleni anapangwa mbele ya mwenye A tupu.

Na kwa Texas kupangwa mbele si sifa tu. Tangu 1997 kuna sheria kwamba aliye ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia moja kwa moja vyuo vikuu vya umma vya jimbo. UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, ina kiwango chake kikali zaidi, ambacho kuanzia 2026 ni asilimia 5. Wilaya nyingi zinapanga nafasi hizo kwa wastani wenye uzito. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, muulize mshauri wa shule mtoto ni wa ngapi kati ya wangapi.

Kijana_wa_Oakland

Mama, shikamoo. Naongezea ya huku California ili mjue kila mlango una funguo yake. Vyuo vya University of California vinakokotoa GPA yao wenyewe. Wanachukua masomo ya darasa la 10 na la 11 yaliyo kwenye orodha yao, A yenye alama ya kutoa (A-) wanaihesabu A kamili, na uzito wanaukubali kwa mihula 8 tu, isizidi 4 ya darasa la 10. Maana yake AP nne za mwaka mzima zinakupa pointi za ziada sawa na aliyejirundikia kumi.

Vyuo binafsi navyo vingi vina hesabu zao. Shule inapotuma transkripti (rekodi ya masomo na alama zote) huambatanisha maelezo kuhusu shule yenyewe: inatoa AP gani, inahesabuje uzito. Msomaji kule chuoni anatazama mtoto alichagua nini kati ya vilivyokuwepo. Shule yangu ilikuwa na AP chache sana na hakuna aliyenihukumu kwa zile ambazo hazikufundishwa.

BabaTatu_Georgia

Mimi nipo upande wa mzee, kwa kiasi fulani. Huku kwetu kuna ufadhili wa HOPE unaotaka wastani wa 3.0. Jimbo linauondoa uzito uliowekwa na shule, halafu linaongeza nusu pointi kwa masomo ya msingi ya AP, IB na yale ya chuo anayosoma mtoto akiwa bado sekondari. Pigeni hesabu: C ya AP inakuwa 2.5, B ya somo la kawaida ni 3. Hapo AP imekupunguzia!

Binti yangu wa pili alibeba AP tano mwaka mmoja huku anafanya kazi jioni. Usingizi ukapotea, na yaliyoshuka yakawa hata masomo aliyokuwa anayapenda. B ya AP naikubali. C mbili tatu kwa sababu ya kurundika, hapana.

KamaKawaida254

Mama Baraka, sisi tuliotoka kwa KCSE tunalala hapa. Tulizoea mtihani mmoja wa mwisho ndio unaamua, mtoto anaweza kucheza Form Two na Three halafu akaamka Form Four. Hapa kila muhula tangu darasa la 9 unaandikwa na unabaki. Kama una wadogo zake, anza nao mapema.

MamaBaraka_FW

Asanteni sana, nimemsomea baba yake yote. Nimeuliza shule: ni wa 47 kati ya 430. Mshauri akasema pia badala ya AP ya Kiingereza anaweza kuchukua Kiingereza cha chuo cha jamii, apate alama za sekondari na chuo kwa pamoja. Mnasemaje?

Mwl_Hesabu

Dada, asilimia 10 ya 430 ni 43. Kijana wako amebakiza nafasi nne tu! Na anapoomba chuo mwanzoni mwa darasa la 12, nafasi inayotumika kwa kawaida ni ile ya mwisho wa darasa la 11. Mwaka huu unaokuja ndio wenyewe. Akikimbilia masomo ya kawaida, A tupu hazitampandisha, maana walio mbele yake bila shaka wanabeba AP.

Ushauri wangu: Kemia aichukue, ndiyo njia ya mhandisi. Kati ya Historia na Kiingereza achague moja, kwa sababu zote mbili zina kusoma na kuandika kwingi na bado lugha anaijenga. Kile Kiingereza cha chuo ni kizuri, ila muulize mshauri kinapewa uzito gani, na mjue kwamba alama yake inaingia kwenye rekodi ya chuo moja kwa moja. Akipata C, atakwenda nayo.

Mtihani wa AP ni Mei, unapewa alama 1 hadi 5. Kwa kawaida haubadilishi GPA, lakini kuanzia 3 vyuo vingi vya umma hapa vinampa somo hilo bila kulilipia tena. Kama kipato chenu ni kidogo kuna punguzo la ada ya mtihani, ombeni shuleni.

Mambo mawili ya kuhakikisha kabla hujasaini ile fomu. Sheria ya asilimia 10 kwa kawaida inadai awe kwenye mpango wa kuhitimu unaoitwa Distinguished, wenye Aljebra II ndani yake. Na kuingia moja kwa moja ni kuingia chuoni, si lazima kuingia uhandisi. Vitivo hivyo vina ushindani wao na hapo hisabati ndiyo inatazamwa sana. Mwaka huu anasoma hisabati gani?